Mguu wa Zadock

Inspekta Nelima alirudi kutoka Port Victoria mikono mitupu, na hasira zake zilishuka garini kabla yake. Fununu ndiyo iliyompeleka huko: kwamba tajiri mmoja wa samaki, mpenda muziki wa zamani, alikuwa amenunua kisanduku cha santuri za marehemu Zadock Okinyi kutoka kwa Irungu wa Kondele. Tajiri mwenyewe alimfungulia milango yote bila kusita. Santuri alizokuwa nazo ni za kwaya, na pleya yake ilikuwa imegeuka kiota cha kuku. Nelima alikula vumbi la njia nzima, kwenda na kurudi, ili kumwona kuku akitaga.

"Afande, mkuu anataka hii kesi iende," Sajini Simiyu alimwambia kabla hajavuka mlango wa kituo. "Irungu anapelekwa kortini kesho asubuhi. Anasema ushahidi tuko nayo."

"Ushahidi upi?"

"Santuri zilikuwa kwa duka yake. Kufuli haikuvunjwa. Ufunguo ni yake peke yake. Sasa tunangoja malaika ashuke aseme?"

Nelima alimpita. Kesi hii ilimkera tangu siku ya kwanza, na kilichomkera zaidi ni jinsi kila mtu alivyoiona rahisi. Zadock alikuwa jathum, mpiga nyatiti, ala ya nyuzi ya watu wa ziwani, ambaye sifa zake zilivuma pwani yote ya ziwa, na hakuna harusi wala matanga ya maana yaliyokamilika bila yeye. Studio iliyomrekodi ilikufa zamani. Santuri zake zilizobaki kamili ni zile alizozificha mjane wake, Mama Apiyo, chini ya kitanda. Mama alipoona zinaanza kuchakaa, alizipeleka kwa Irungu, fundi wa redio mwenye kibanda Kondele, azihamishie kwenye kompyuta. Kisanduku kikapotea kibandani.

Basi Mama Apiyo alisimama katikati ya Kondele akapiga yowe la mwizi, na Kondele haihitaji kuitwa mara mbili. Gari la polisi lilipofika, kibanda kilikuwa kimebaki mbao, jicho moja la Irungu limefumba kwa uvimbe, na watu wazima wenye akili zao wanaondoka na spika zake mabegani. Wengine wakaongeza la kwao: huyu ni mtu wa Murang'a, si wa ziwa hili, uchungu wa nyatiti ataujulia wapi? Maneno hayo Nelima aliyachukia kuliko wizi wenyewe.

Halafu nyimbo zikaanza kusikika kwenye simu za watu. Aliyeziweka mtandaoni ni Mathews, mtoto wa mdogo wake Zadock, mwenye studio mjini. Yeye alikuwa na maelezo yaliyonyooka: yeye hana haja na santuri za watu, amepata Nairobi kanda asili, zile zile zilizotumika kutengenezea santuri. Watu wakamshangilia kwa kuokoa mali ya ukoo. Kanda zenyewe hakuna aliyeomba kuziona.

Mama Apiyo alikuwa amekaa kwenye benchi ya kituo, simu mkononi, uso umekunjamana.

"Mama, habari ya leo?"

"Leo haina habari. Kaa hapa, nyathina, mtoto wangu. Sikiza hii kitu."

Nelima alikaa. Sauti ya Zadock ilitoka kwenye simu ikiwa nzito na ya kujiamini, nyuzi zikimfuata. Hapakuwa na mkwaruzo wala mlio wa pembeni.

"Ni safi sana," Nelima alisema.

"Safi?" Mama alizima simu. "Ni safi kama maiti imeoshwa! Mguu yake iko wapi?"

"Mguu gani, Mama?"

Mjane alivua bangili yake ya chuma akaigonga kwenye ukingo wa benchi, ko, ko, ko, mpaka polisi wa kaunta akainua kichwa. "Jathum anavaa pete ya chuma hapa, kwa kidole kubwa ya mguu. Mkono inapiga nyuzi, mguu inapiga mti ya nyatiti. Hiyo ndio ngoma yake. Mimi nimeishi na hiyo mguu, ilikuwa inaniamsha asubuhi akifanya mazoezi, nikimtukana. Sasa Mathews ameweka bwana yangu kwa simu bila mguu, na watu wanasema eti asante Mathews!"

Nelima alitoka Bungoma, na kwao litungu hupigwa, kwa hiyo nyuzi hazikuwa ngeni kwake. Pete ya mguuni hakuijua. Aliichukua simu akaucheza wimbo tena, sikio limebanwa kwenye spika. Mwanzoni, Zadock alipokuwa bado anasalimu watu na kugusa nyuzi polepole, kitu kiligonga kwa chini, kidogo sana. Wimbo ulipopamba moto, kikapotea. Akarudia. Kikapotea pale pale.

"Mama, wimbo ukipanda, alikuwa anaacha kupiga mguu?"

"Aache? Wimbo ikipanda ndio alikuwa anataka kupasua mti!"

Nelima alisimama. Kama pete ilifutwa, fundi ndiye angejua ilifutwa na nini. Njiani kuelekea mahabusu alimwuliza Simiyu swali lililopaswa kuulizwa na mtu kabla hajatia mafuta kwenye gari. "Habari ya tajiri wa Port Victoria tuliletewa na nani?"

"Mathews, afande. Alikuja mwenyewe kutusaidia."

"Kutusaidia," Nelima alisema, akaongeza mwendo.

Irungu alikuja kwenye nondo akimtazama kwa jicho moja, lile lingine bado limefumba. Hakuwa mtu wa kubembeleza hata siku za raha, na siku hizi hazikuwa za raha.

"Umekuja kuniuliza niliziuza pesa ngapi?"

"Nimekuja kukuuliza habari ya programu. Zile za kusafisha santuri."

Fundi alicheka, kicheko kibaya. "Sasa ndio mnataka programu! Si nilimwambia huyu Simiyu, akasema niache hadithi za kompyuta?"

Simiyu aliukagua ukuta.

"Niambie mimi," Nelima alisema.

"Kuhamisha si shida, madam. Unaunganisha pleya na kompyuta, unacheza, inarekodi. Shida ni kusafisha. Santuri mzee imejaa mikwaruzo, inalia ta, ta, ta, kama mahindi kwa sufuria. Kuna programu ya kulipia, inafuta yote mara moja. Unabonyeza, unaenda zako. Na kuna ya bure, hiyo unatafuta mkwaruzo moja moja na macho yako unafuta na mkono. Nilijaribu zote na wimbo moja ya mzee. Ile ya kubonyeza nikaikataa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni fala!" Irungu aligonga nondo. "Haina masikio hiyo! Kitu yoyote fupi na kali inafikiria ni mkwaruzo. Ilifuta pete ya mzee. Nikasema nitafanya na mkono hata kama ni mpaka Krismasi."

"Ilifuta pete yote?"

"Ile ya nguvu. Ile anagonga polepole inapita chini, programu haioni."

Nelima alisogea karibu na nondo. "Nani mwingine ulimwonyesha programu hizo?"

"Mathews. Alikuja akasema kwaya ya kanisa yao iko na santuri wanataka kuhamisha, achague programu gani. Tukabishana sana. Yeye anataka ya kubonyeza kwa sababu ni haraka, mimi namwambia asiiguse. Nikaenda kuchukua chai yetu kwa mama wa hoteli, nikamwachia duka, kurudi nikapata ameenda. Ni mtu wa nyumba ya mzee, ningemwambia atoke nje? Kufuli ingevunjwa ya nini, madam, na mlango ilikuwa wazi!"

"Sajini ulimweleza haya?"

"Yote. Akaandika jina yangu na kwetu ni wapi. Basi."

Nelima aligeuka akamtazama Simiyu, akamtazama mpaka sajini akavua kofia bila kuambiwa. Alitaka kumwambia mengi, na mengine hayafai kusemwa na mwanamke aliyelelewa kanisani. Alisema moja tu.

"Chukua kalamu. Leo utaandika kila kitu."

Studio ya Mathews ilikuwa ghorofani, sakafu imetandikwa zulia jekundu, kuta zimefunikwa magodoro ya kuzuia mwangwi. Picha kubwa ya Zadock ilining'inia juu ya kompyuta. Mathews mwenyewe alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, shati limepigwa pasi, meno yote nje.

"Karibu, madam! Mmepata zile santuri?"

"Bado. Nimekuja kujifunza kwanza." Nelima alivuta kiti akaketi. "Mimi mambo haya siyajui. Hizi kanda zako za Nairobi, ulizisafisha kwa programu gani?"

Hakuna kitu Mathews alichopenda kuliko kuulizwa utaalamu wake. "Kanda asili haisafishwi, madam. Watu wanachanganya hapo. Santuri inachezwa na sindano, na sindano inakwaruza, ndio lazima utafute programu. Kanda inapita tu, laini. Mimi niliunganisha, nikarekodi, nikaweka. Sikugusa kitu."

"Hata ile programu ya kubonyeza mara moja?"

Meno yalipungua kidogo. "Hiyo niko nayo, lakini ni ya kazi ya kwaya."

"Kwa hivyo tunachosikia kwenye simu ni vile Zadock alivyopiga siku ile."

"Vile vile. Hata pumzi yake."

"Umeandika, Simiyu?"

"Nimeandika, afande." Sajini alikuwa anaandika hata kukohoa.

"Basi tuchezee hapo wimbo unapopanda."

Mathews alibonyeza. Spika zake zilikuwa nzuri, na sauti ya Zadock ilijaa chumba mpaka zulia. Nelima aliacha ubeti mzima upite.

"Pete iko wapi?"

"Pete gani?"

Mtoto wa ukoo wa Zadock, aliyeketi chini ya picha ya Zadock, anayetembea kifua mbele kwa nyimbo za Zadock, anauliza pete gani! Nelima alibana midomo, akangoja.

"Aah, ile ya mguu," Mathews alisema baadaye. "Labda siku hiyo hakuvaa."

"Rudi mwanzo. Pale anaposalimu watu. Ongeza sauti."

Mathews alirudi mwanzo, kwa kidole kisicho na haraka tena. Zadock akasalimu. Nyuzi zikaguswa taratibu, na chini yake, kwenye spika hizo nzuri, chuma kikagonga mti: ko, ko, ko.

"Hiyo ni nini?"

Mathews aliishusha sauti ya spika.

"Amevaa," Nelima alisema. "Akipiga polepole, pete ipo. Akipiga kwa nguvu, pete hakuna. Ni mguu gani huo, Mathews, unaonyamaza ukikanyaga? Hiyo si kazi ya mguu. Ni kazi ya programu inayofuta mikwaruzo, imeona pete ikadhani ni mkwaruzo. Irungu alikukataza usiitumie. Na wewe mwenyewe umeniambia sasa hivi kwamba kanda haina mikwaruzo. Sasa nieleze, ulikuwa unafuta mikwaruzo ya nini?"

"Hiyo si ushahidi."

"Basi nionyeshe kanda."

"Ziko Nairobi."

"Kwa nani?"

Wimbo ulikuwa unaendelea, na Mathews akauzima kwa kupiga kompyuta kofi.

"Mama yako mkubwa ameshinda kwenye benchi ya polisi tangu asubuhi," Nelima alisema. "Anauliza mguu wa mume wake. Nimpelekee jibu gani?"

Hapo ndipo Mathews alipolipuka. Aliruka kutoka kitini, mishipa ya shingo imemtoka.

"Huyo si mama yangu! Hakuzalia baba mkubwa hata mtoto moja! Akikufa kesho hiyo kisanduku iende wapi, azikwe nayo? Amekaa juu ya sauti ya mzee miaka yote kama kuku, hataki mtu aguse, halafu anapelekea mtu wa nje! Mtu wa nje, na mimi niko na studio! Mimi ndio damu yake! Ile ni mali ya boma!"

"Kwa hivyo ukachukua mali ya boma."

"Nilichukua yetu!"

Kalamu ya Simiyu ilikwaruza karatasi, ikasimama. Mathews aliitazama ile kalamu, akakaa chini polepole.

"Na Irungu?" Nelima aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na waliomjua walijua hiyo ndiyo mbaya. "Ulijua hana kosa. Ukatutuma Port Victoria, ukamwacha mama wa watu apige yowe. Wangemchoma moto pale Kondele."

Mathews aliinua mabega. "Angerudi tu kwao."

Mkono wa Nelima ulimwasha. Aliuingiza mfukoni ukae huko, maana hakutaka wakili yeyote aje kusema mtuhumiwa aliguswa. Simiyu ndiye aliyesogeza spika kubwa ya kona. Kisanduku kilikuwa nyuma yake, kimefungwa kwa kanzu ya kwaya, santuri zote ndani, na juu yake mkono wa Zadock ulikuwa umeandika jina la mkewe.

"Mfunge pingu," Nelima alimwambia sajini. "Na ukifika kituoni, ufunguo wa mahabusu ushike wewe. Umfungulie Irungu wewe mwenyewe, umwombe msamaha wewe mwenyewe, nikisikia."

Simiyu alifanya hivyo. Aliomba msamaha kwa sauti ndogo, Nelima akamwambia arudie, akarudia. Irungu alitoka akisugua vifundo vya mikono, asimtazame. Mama Apiyo alikuwa ameinuka kwenye benchi, kisanduku kimekumbatiwa kifuani. Alikuwa ameshaambiwa mwizi ni nani. Alitazama jicho la fundi, akalitazama tena.

"Irungu, baba, unisamehe. Nyasaye anajua nilikuwa na uchungu. Nimezipata." Alimnyooshea kisanduku. "Wewe ndio uko na masikio. Nifanyie ile kazi na mkono, vile ulisema."

Irungu hakupokea. "Nikufanyie wapi, Mama? Kwa duka gani?"

"Si utajenga tena."

"Nijenge Kondele? Nikipita pale nani atakuja kujua kwamba Inspekta amenifungulia? Pale mimi ni mwizi. Mtoto wangu anaitwa mtoto wa mwizi." Alimnyooshea Mama kidole. "Hapa ndani ya polisi unaniambia samahani kwa sauti ya chini. Ile siku hukuwa na sauti ya chini. Ulinipaka matope mbele ya watu. Unisafishe mbele ya watu. Kama si hivyo, chukua sanduku yako na uende, mimi na wewe tumemalizana."

Mama Apiyo alikuwa mke wa mtu mkubwa, hakuna aliyewahi kumwambia maneno kama hayo, na Nelima aliona kiburi kikimpanda shingoni, kikasimama hapo, kikashuka.

"Twende," mama alisema. "Sasa hivi, jua ikiwaka, watu wakiwa wengi."

Nelima aliwapeleka kwa gari la kazi, na mkuu wake aseme atakavyo. Kondele ilikuwa imejaa: boda boda zimepanga foleni, wanawake wanaouza omena, dagaa wa ziwani, wameinama juu ya mafungu yao, spika za maduka zinashindana. Pale kilipokuwa kibanda cha Irungu palikuwa na mbao chache na mwanya. Mama Apiyo alisimama kwenye mwanya ule, akafunga leso vizuri kiunoni, akapiga yowe lile lile la siku ile. Injini zikazimwa. Watu wakaja mbio, wengine wameshaokota mawe.

"Mnanijua! Mimi ni Apiyo, chi Zadock, bibi ya Zadock! Niliwaambia huyu mtu ameiba santuri ya bwana yangu. Nilisema uongo! Sikuona kwa macho, nilisema tu! Irungu si mwizi! Mlimpiga bure, na mimi ndio niliwatuma!"

Mawe yakaanza kuteleza chini, moja hapa, moja pale. Mwenye boda boda mmoja, mnene, alipaza sauti kutoka nyuma.

"Sasa mwizi ni nani, Mama? Tuonyeshe!"

Nelima alisogea karibu. Alijua swali hilo lina nini ndani yake, na jina likitajwa hapo, Kondele ingekwenda kuvunja studio kabla ya jua kutua. Mama Apiyo pia alijua. Aliwatazama watu wale mmoja mmoja.

"Mwizi ni wetu," alisema. "Ametoka kwa boma yangu, anakula kwa meza yangu, na polisi wako naye, hamna kazi naye nyinyi. Mkitaka kupiga mtu leo, nipigeni mimi."

Hakuna aliyesogea. Mwenye boda boda aliitazama pikipiki yake.

"Na ile mlibeba mrudishe," mama aliendelea. "Spika, waya, kila kitu. Nawajua, niliona mabega yenu. Mimi sitoki hapa."

Akaketi chini kwenye vumbi, miguu imenyooshwa, kisanduku mapajani. Irungu alianza kukusanya mbao zake, akizitupa moja juu ya nyingine kwa kishindo. Ilichukua muda. Wa kwanza kuja alikuwa muuza mitumba wa ng'ambo ya barabara, spika moja mkononi, macho chini. Irungu aliipokea, akaigeuza kutazama kama imepasuka, na hakumshukuru.